Umeacha pombe na usingizi umekataa: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. "Nimeacha pombe wiki ya pili sasa, mbona silali?" "Nikinywa chupa moja tu ya kuniletea usingizi, kuna ubaya gani?" "Farmasi niombe dawa gani?" "Mume wangu anaamka usiku wa manane, jasho linamtoka, anazunguka nyumba nzima. Ni malaria ama ni nini?" Nimeyajibu mdomo kwa mdomo hapa Bukavu, kuanzia Kadutu mpaka Panzi. Sasa nayaandika ili mtu asome kwa utulivu, arudie kusoma, ampe na ndugu yake.

Mwongozo huu ni wako kama ulikuwa unakunywa kila siku au karibu kila siku, umeacha au unataka kuacha, na usiku umekuwa mrefu. Ni wako pia kama wewe ni mke, mume, mama au mtoto mkubwa wa mtu huyo, maana kuna hatua ambazo hataziweza peke yake.

Usingizi ndio huchelewa kurudi kuliko vyote. Mikono inaacha kutetemeka, hamu ya kula inarudi, uso unanawiri, na bado usiku macho ni makavu. Mtu akidhani ameharibika moja kwa moja, atakunywa. Akijua tangu mwanzo kwamba jambo hili ni la wiki na miezi, anavumilia. Wengi niliowaona wakirudi kwenye chupa hawakurudi kwa ajili ya sherehe. Walirudi saa tisa usiku, wamechoka, wanataka kulala tu.

Kwa nini inakuwa hivi

Pombe inaleta usingizi haraka, hilo ni kweli. Lakini inauharibu nusu ya pili ya usiku. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 yenye kilevi asilimia 5 ina gramu kama 28 za kilevi. Mwili wa mtu mzima huchoma takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo chupa uliyokunywa saa nne usiku (22h00) inakwisha mwilini saa saba au saa nane usiku, na hapo ndipo unaamka, moyo unadunda, huna usingizi tena.

Ukinywa hivyo kwa miaka, ubongo unajizoeza kujikaza ili ushindane na kile kinachoulaza. Siku pombe inapoondoka, kule kujikaza kunabaki. Unahitaji muda kujilegeza. Wiki za kwanza ndizo mbaya zaidi, kisha hali inapungua kidogo kidogo. Kwa wengine usingizi unabaki mwepesi kwa miezi, hata mwaka. Hiyo inatosha, twende kwenye kazi.

Kabla ya yote: usikate pombe ghafla kama mwili umeizoea

Soma sehemu hii hata kama una haraka. Pombe ni kati ya vitu vichache ambavyo kuviacha ghafla kunaweza kumuua mtu. Dalili huanza masaa 6 hadi 12 baada ya kinywaji cha mwisho: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, woga usio na sababu, kukosa usingizi. Kifafa cha kuacha pombe huja zaidi kati ya masaa 6 na 48. Kuchanganyikiwa kwenyewe huja mara nyingi siku ya pili mpaka ya nne: mtu anaona wadudu ukutani, anaongea na watu wasiokuwepo, hajui yuko wapi, mwili unachemka. Huyo anahitaji hospitali saa hiyo hiyo.

Usiache pombe peke yako nyumbani kama mojawapo ya haya linakuhusu:

- asubuhi lazima unywe kwanza ndipo mikono itulie;
- umewahi kuanguka kifafa au kuchanganyikiwa ulipoacha zamani;
- unakunywa kanyanga au pombe kali nyingine kila siku, au bia chupa nyingi kila siku;
- una mimba, kisukari, kifafa, ugonjwa wa ini au wa moyo;
- unatumia pia diazepamu au dawa nyingine ya usingizi;
- hakuna mtu mzima anayelala nyumba moja na wewe.

Nenda kwanza kituo cha afya au hospitali kuu, useme wazi: "Ninakunywa kiasi hiki, nataka kuacha." Hapa Bukavu kuna SOSAME, kituo cha afya ya akili cha Frères de la Charité. Shirika hilo hilo lina Tulizo Letu kule Goma na kituo cha Joseph Guislain kule Lubumbashi. Usiogope jina la "afya ya akili". Hao ndio wanaojua kazi hii. Na kama bado hujamwona daktari, usikate ghafla usiku wa leo. Punguza kidogo kidogo mpaka umwone.

Kwa familia: mtu akianza kuona visivyoonekana siku ya tatu baada ya kuacha, msimfungie kwenye chumba cha maombi mkisubiri mapepo yatoke. Mwombeeni mkiwa hospitali. Msimpe dawa ya malaria tu na kumwacha alale, maana jasho na kutetemeka kwa pombe vinafanana sana na malaria. Apimwe malaria, na wakati huo huo mumwambie mwuguzi siku na saa aliyokunywa mara ya mwisho. Familia nyingi huficha hilo kwa aibu, na ndilo neno ambalo mwuguzi analihitaji kuliko yote.

Vitu vya kuwa navyo

- daftari la shule na kalamu;
- kitu cha kukuamsha asubuhi, simu au saa, kitakachokaa mbali na kitanda;
- kigoda au kiti, na blanketi au kitenge kizito, kwa sababu usiku wa Bukavu ni baridi;
- tochi ndogo yenye mwanga hafifu;
- mtu mmoja wa nyumbani anayejua unachofanya na saa zako.

Huyo wa mwisho ni muhimu kuliko vingine vyote. Ukiwa huna, tafuta kaka, dada, mchungaji au jirani unayemwamini kabla hujaanza.

Hatua ya 1. Vuka siku za kwanza

Siku 5 hadi 7 za kwanza usipigane na usingizi. Lala unapoweza, kaa macho unaposhindwa. Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa. Kula hata kama tumbo linakataa: uji, supu, ndizi, bugali kidogo na sambaza. Chumba kiwe na mwanga mdogo, watoto wapunguze kelele, na mtu mmoja awe karibu usiku na mchana.

Uliza hospitali kuhusu vitamini B1, ile inayoitwa tiamini. Wanywaji wengi wamepungukiwa nayo, na upungufu huo unaweza kuharibu ubongo. Hapa kwetu mgonjwa akidhoofika kidogo, familia inaomba atundikiwe seromu. Mwambieni mwuguzi kwamba ni mnywaji kabla hajamwekea seromu ya sukari, ili tiamini itangulie. Sukari ikiingia kwa wingi bila hiyo vitamini, inaweza kumzidishia hatari.

Hatua ya 2. Andika usiku wako kwa siku 7

Siku za kutetemeka zikipita, fungua daftari. Andika asubuhi, usiandike usiku. Ukurasa mmoja unafanana hivi:

"Jumanne. Nimepanda kitandani saa 3 usiku. Nimesinzia karibu saa 6. Nimeamka saa 9, nimekaa macho mpaka saa 10 na nusu. Nimetoka kitandani saa 12 asubuhi. Nimelala jumla masaa 4 na nusu. Chai vikombe viwili, cha mwisho saa 11 jioni. Hamu ya pombe: kali, saa 9 usiku."

Tazama ukurasa huo. Amekaa kitandani masaa 9 ili apate masaa 4 na nusu. Nusu ya muda huo kitanda kimekuwa mahali pa kuhesabu mabati na kuwaza madeni. Hapo ndipo tutafanyia kazi.

Kosa la kawaida ni kutazama simu kila ukiamka ili uandike saa kamili. Kisia tu. Kadiri unavyotazama saa, ndivyo kichwa kinavyoamka.

Hatua ya 3. Chagua saa moja ya kuamka, usiibadilishe

Chagua saa unayoweza kuishika kila siku, Jumapili ikiwemo, hata kama umelala masaa mawili. Wengi hapa wanachagua saa 12 asubuhi (06h00), kwa sababu nyumba nzima inaamka na kuna maji ya kuchota. Ukiamka, toka nje. Kaa kwenye mwanga wa mchana nusu saa, hata kama kuna mawingu. Fagia uwanja, teka maji, panda kilima kimoja kwa miguu. Mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza, na usiku unaofuata unajipanga kuanzia hapo.

Kama huwezi hatua nyingine yoyote kati ya hizi, shika hii. Mimi naiona kuwa ya kwanza kwa nguvu, na haigharimu hata faranga moja.

Usilale mchana. Ukizidiwa kabisa, dakika 20, kabla ya saa tisa mchana, ukiwa umeketi.

Hatua ya 4. Fupisha muda wa kukaa kitandani

Hatua hii watu wanaipinga, kwa sababu inaonekana kinyume: huna usingizi, nami nakwambia ukae kitandani kidogo zaidi. Lakini imejaribiwa na madaktari wa usingizi kwa miaka mingi, na inasaidia hata wanaotoka kwenye pombe. Maana yake ni kuukusanya usingizi uliotawanyika uwe kitu kimoja.

1. Chukua daftari, jumlisha masaa uliyolala siku 7, gawanya kwa 7. Tuseme umepata masaa 5 na nusu.
2. Ongeza nusu saa. Sasa una masaa 6. Huo ndio muda wako wa kuwa kitandani.
3. Hesabu kurudi nyuma kutoka saa yako ya kuamka. Ukiamka saa 12 asubuhi, unapanda kitandani saa 6 usiku (00h00), hata kama macho yanafumba saa tatu.
4. Shika hivyo siku 7 huku unaandika.
5. Kama umelala angalau asilimia 85 ya muda wa kitandani (kwa masaa 6 ni kama masaa 5 na dakika 6), panda kitandani dakika 15 mapema zaidi wiki inayofuata. Kama hujafikia, baki pale pale wiki nyingine.
6. Endelea kuongeza dakika 15 kila wiki mpaka uamke umepumzika.

Usishuke chini ya masaa 5 na nusu kitandani, hata kama daftari linasema unalala matatu.

Angalizo, na nalisisitiza: usianze hatua hii katika wiki mbili au tatu za kwanza baada ya kuacha. Usiifanye kabisa bila daktari kama una kifafa, umewahi kupata kifafa cha pombe, au una ugonjwa wa akili unaokupandisha na kukushusha hisia. Na kama unaendesha pikipiki ya abiria, lori, au unapanda kwenye majengo, usiikaze hivyo: punguza saa moja tu ya kitandani, kwa sababu siku 10 za kwanza utasinzia mchana na barabara zetu hazisamehi.

Hatua ya 5. Kitanda ni cha kulala tu

Panda kitandani ukiwa na usingizi. Ukiona umekaa macho muda unaokisia kuwa dakika 20, na hasira inaanza kupanda, toka. Kaa kwenye kigoda, jifunike, fanya kitu cha kuchosha kidogo: kuchambua maharage kwa mwanga mdogo, kushona kifungo, kusoma zaburi, kusali rozari. Simu iache. Usingizi ukirudi, rudi. Ukikataa tena, toka tena. Rudia hata mara tano.

Najua utasema nini: "Nyumba yangu ni vyumba viwili, tuko sita, nitatokea wapi?" Swali zuri. Hakuna lazima ya kutoka chumbani. Lazima ni kutoka kitandani. Kigoda kwenye kona kinatosha. Waliolala kitanda kimoja na watoto wameweka mkeka chini na kuketi hapo. Mwambie mwenzako mapema, ili asiamke akifikiri umetoka kwenda kunywa. Mama mmoja alikuwa analia kila usiku kwa sababu hiyo, mpaka mume wake alipomwonyesha daftari.

Mambo mawili ya hatari hapa. Usiwashe mbabula ndani ili uote moto wakati umekaa macho, hata kama mlango uko wazi kidogo. Hewa ya makala haina harufu ya kukuonya, na ukisinzia pembeni yake huenda usiamke. Na usitoke nje ya lupango (uwanja wa nyumba yako) usiku kwa sababu yoyote. Usalama wetu unajulikana.

Hatua ya 6. Jaza saa zilizokuwa za pombe

Kuanzia saa 11 jioni mpaka saa tatu usiku mwili unakumbuka. Kama njia yako ya kurudi kutoka soko la Kadutu inapita mbele ya nganda (baa) ulizozizoea, badilisha njia, hata kama ni ndefu na ina matope. Pesa ya siku mpe mama nyumbani kabla ya jioni. Kula mapema, mezani pasiwe na kitu cha kusindikiza bia. Kunywa chai ya mchaichai, haina kileo wala kitu cha kuamsha kama kahawa.

Kasiksi ni pombe. Nalisema kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiambia ameacha kabisa, "nimebakiza kasiksi ya ndizi tu, ile ya nyumbani." Hiyo pia itakuamsha saa nane usiku. Kwenye harusi au matanga ukipewa kibuyu, pokea kwa heshima, mpe jirani yako. Au sema dawa za daktari zimekukataza. Wazee wanaliheshimu neno hilo.

Hatua ya 7. Kahawa, chai, makasu na sigara

Kivu yetu inalima kahawa na majani ya chai, na mtu aliyeacha pombe huvikimbilia vyote viwili. Kinachoamsha ndani yake kinaitwa kafeini, na nusu ya kafeini uliyokunywa bado imo mwilini baada ya masaa kama matano. Kwa hiyo mwisho wa kahawa na chai ya majani ni saa sita mchana. Makasu, zile mbegu chungu za kutafuna, yana kafeini hiyo hiyo. Vinywaji vya kuongeza nguvu, achana navyo kabisa. Sigara inaamsha, kama hujaweza kuiacha, angalau usivute masaa mawili kabla ya kulala, na usivute ukiamka usiku.

Hatua ya 8. Jipangie saa tisa usiku kabla haijafika

Hamu ya pombe inayokuja usiku hupanda, ikafika kileleni, ikashuka. Mara nyingi ndani ya nusu saa. Lakini kichwa cha saa tisa usiku hakina busara, kwa hiyo maamuzi yafanywe mchana. Nyuma ya daftari andika mambo manne: nitaketi wapi, nitafanya nini kwa mikono, nitamwamsha nani, na sababu moja ya kuacha. Iwe sababu ya kweli, jina la mtoto au deni la shule, isiwe ya kupendeza watu. Pombe isiwepo ndani ya nyumba, hata ya wageni, hata ile iliyofichwa chini ya kitanda cha shemeji.

Dawa: makosa ninayoyaona mno

Diazepamu, ambayo wengi wanaiita Valium, hospitali inaitumia vizuri sana siku za kwanza ili kuzuia kifafa, na inapunguzwa siku baada ya siku mpaka inakwisha. Shida inaanza mtu anapoendelea kuinunua mwenyewe. Baada ya wiki chache mwili unaizoea kama ulivyozoea pombe, na sasa una vifungo viwili. Ukiichanganya na pombe, hata kidogo, pumzi inaweza kusimama usingizini.

Dawa za mafua na za mzio zinazoleta usingizi, watu wanazinywa kwa vijiko. Zinakuacha mzito asubuhi, na baada ya siku chache hazifanyi kazi. Bangi inaweza kukulaza mwanzoni, kisha ukiiacha ndoto na kukosa usingizi vinarudi kwa nguvu. Mitishamba ya sokoni sijui mtu kaweka nini ndani, na ini lako limechoka tayari.

Zipo dawa ambazo daktari anaweza kukuandikia, za kupunguza hamu ya pombe au za kusaidia usingizi bila kukufunga. Mwulize yeye. Usimwulize jirani aliyepona.

Ukikwama

*Wiki ya tatu na bado silali.* Ni kawaida. Linganisha daftari la wiki ya kwanza na la sasa. Mara nyingi utaona dakika kadhaa zimeongezeka ambazo wewe mwenyewe hukuzihesabu.

*Naota ninakunywa, naamka na ladha mdomoni, naona aibu.* Pombe ilikuwa inaizuia sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi. Sasa sehemu hiyo inarudi kwa kishindo. Hujakunywa. Amka, kunywa maji, mwambie mwenzako asubuhi.

*Naota vita, risasi, watu waliokufa.* Watu wengi hapa Kivu walianza kunywa ili wasiote hayo, na pombe ikiondoka yanarudi. Mchana, ukiwa na mtu unayemwamini, andika ndoto hiyo kisha ubadilishe mwisho wake utakavyo wewe, uupitie kichwani dakika 10 kila siku. Kama yanakutokea hata ukiwa macho, au unawaza kujiua, usingoje: nenda kwa watu wa afya ya akili leo, na usilale peke yako.

*Nakoroma sana, mke wangu anasema pumzi inakatika.* Hiyo ni shida ya koo kuziba usingizini. Lala kwa ubavu, usiguse dawa yoyote ya usingizi, mwone daktari.

*Miguu inawasha na kutaka kusogea kila nikilala.* Omba upimwe damu; upungufu wa chuma unaleta hali hiyo, na mtu aliyekunywa miaka bila kula vizuri mara nyingi anao. Sombe, maharage na nyama, ukipata, vinasaidia.

*Muziki wa nganda na mikesha ya maombi havinyamazi.* Ziba masikio kwa pamba safi, usiisukume ndani sana. Hamisha kichwa cha kitanda upande wa mbali na ukuta huo. Kwa kuwa sasa unapanda kitandani saa sita usiku, kelele nyingi utakuwa umezipita ukiwa umeketi.

*Nimeteleza, nimekunywa jana.* Amka saa ile ile uliyochagua. Andika kwenye daftari bila kuficha: saa ngapi, nini kilitangulia. Usijaribu kulipia kwa kulala mchana. Kama ulikunywa usiku mmoja, endelea na hatua ulipoishia. Kama umekunywa siku nyingi mfululizo na asubuhi unatetemeka tena, rudi kwenye onyo la mwanzo na uende hospitali.

*Bado sijaacha, ninaweza kuanza hatua gani?* Ya 2, ya 3 na ya 7. Ya 4 ngoja.

Kama baada ya wiki 6 za hatua ya 3 mpaka ya 6 daftari halionyeshi mabadiliko yoyote, au mchana huwezi kufanya kazi, mwone daktari. Beba daftari lenyewe, na vifuko vya dawa zote ulizomeza, hata zile za mitaani na za mitishamba. Taja kiasi ulichokuwa unakunywa kwa chupa na kwa siku, bila kupunguza. Kama unaona aibu kukitamka, kiandike kwenye ukurasa wa kwanza, umpe asome.